Eneo la zahanati lina mashimo ya mgodi wa Mkoloni (Chunya). Tunaanzia wapi?

Mjumbe wa Kamati

Wakuu, habari za muda huu. Kijiji chetu kipo Chunya, ukanda wa Lupa. Halmashauri ya kijiji imetenga ekari 3 za zahanati na kisima cha pampu ya mkono, lakini eneo lenyewe lilikuwa kambi ya wachimbaji wa enzi za Mwingereza na limeachwa hivyo hivyo.

Kilichopo ni hiki. Mashimo matatu ya pembe nne, kila moja kama mita 1.5 kwa 1.2, yamepangana kwenye mstari mmoja, kutoka moja hadi jingine ni hatua 25 hadi 30. La katikati lina maji: ukidondosha jiwe unasikia mlio baada ya sekunde moja na nusu. Shimo la nne ni la mviringo, lipo karibu na korongo, halifiki mita 3 na limejaa tope. Kuna msingi wa zege wenye boliti nene zilizooza, na upande wake wa chini rundo la mchanga laini wa kijivu na njano, kimo cha mtu, urefu hatua 30.

Kwenye kikao yametoka mapendekezo manne: (1) jengo likae kwenye uwanja tambarare ulio kati ya mashimo, kwa kuwa umeshasawazishwa, (2) mashimo yafukiwe kwa magogo, takataka na udongo juu, (3) mchanga wa rundo utumike kwa plasta, na utakaobaki auziwe mtu wa marudio (mchanga wa mgodi unaochenjuliwa tena kupata dhahabu), (4) shimo lenye maji ligeuzwe kisima. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kabla mafundi hawajaanza kuchimba msingi.

MokoNaNyundo

Mkuu, yote manne yasimamishwe kwanza. Si kwamba wanakijiji hawana akili, ila ardhi ya mgodi haisomwi kama ya shamba.

Kwanza uelewe aina za mashimo. Lupa ilianza na dhahabu ya kwenye makorongo mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wakiosha changarawe kwa karai na visanduku vya mbao. Mashimo ya namna hiyo ni mafupi, ya mviringo, yako kando ya maji, na hayana njia za chini. Hilo la nne ni la kundi hilo, ndiyo maana halina shida kubwa kwa jengo. Baadaye, hasa miaka ya 1930, wakafuata mwamba wenyewe, yaani mikanda ya kwatzi (jiwe jeupe linalobeba dhahabu). Hapo ndipo yalipozaliwa maduara (ndivyo wachimbaji wanavyoita mashimo marefu ya mgodi) ya pembe nne yenye matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, na ndiyo hayo matatu yako. Saza, mgodi mkubwa kuliko yote ukanda huo, ulifungwa mwaka 1956, na vidogo vingi viliachwa bila kufukiwa.

Mashimo matatu ya pembe nne kwenye mstari mmoja maana yake ni mkanda mmoja. Waliokuwa chini hawakuishia kwenye shimo, walifuata mkanda kushoto na kulia, na hatua 25 ni karibu mno kiasi kwamba maduara yameshaungana. Watu wa Mererani wangekwambia hapo pana mtobozano. Kwa hiyo huo uwanja tambarare kati ya mashimo ndio sehemu mbaya kuliko zote. Juu yake panaonekana pagumu, ila chini huenda pamebaki paa la mwamba la mita chache tu, kwa sababu walikuwa wanachimba kwenda juu kutokea kwenye handaki mpaka karibu na uso wa ardhi.

Halafu angalia mwamba umelala upande gani. Ukisimama kwenye mdomo wa duara utauona mkanda mweupe ukutani, haushuki wima. Kama umelala kwa digrii 60 kuelekea mashariki, basi kwenye kina cha mita 12 kazi zao ziko mita 7 mashariki ya mdomo, na kwenye kina cha mita 30 ziko mita 17 mashariki. Ukilala digrii 45, umbali wa pembeni unalingana na kina. Jengo liwekwe upande ambao mwamba *haulali*, na si kwenye mstari wala kwenye mwendelezo wa mstari huo, maana mkanda hauishii kwenye shimo la mwisho. Tembeeni na jembe mita 100 kila upande mtafute vibonde vya mviringo, miti iliyoinama, au vilima vya mawe yaliyovunjwa. Kilima cha kifusi kisicho na shimo karibu yake ni ishara kwamba shimo limezibwa juu juu, na hilo ndilo la kuogopa kuliko yaliyo wazi.

Kuhusu ramani: Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ina ramani za zamani za eneo lenu. Zitawasaidia kujua mikanda inaelekea wapi, lakini kwenye ramani ya skeli ya 1:125,000 milimita moja ni mita 125, kwa hiyo msitegemee iwaonyeshe shimo. Ulizeni kama kuna michoro ya mgodi wenyewe.

Na jiwe lako la sekunde moja na nusu linakupa mita 11 hadi kwenye maji, si hadi chini. Funga jiwe la kilo 2 kwenye kamba, weka fundo kila mita, ulishushe ukiwa umelala kifudifudi juu ya ubao mrefu, na wewe mwenyewe umefungwa kamba kwenye mti. Ukingo wa duara la zamani una kawaida ya kuliwa kwa chini.

Mtu yeyote asiingie, hata kwa dakika mbili za kuokota ndoo. Hewa iliyotulia humo inapungukiwa oksijeni. Mshumaa huzimika ikishuka kufika asilimia 16 hivi kutoka 21 ya kawaida, lakini mshumaa kuendelea kuwaka hakuthibitishi usalama, kwa sababu hauonyeshi monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Na kama kuna mwenye wazo la kushusha pampu ya petroli ili akaushe maji, huyo anataka msiba. Moshi wa injini ndani ya duara unaua kimya kimya, kisha unamuua na anayeshuka kuokoa.

Mjumbe wa Kamati

Ahsante sana mkuu. Kamba imeshashushwa. Duara la katikati ni mita 19 hadi chini, maji yanaanzia mita 11 kama ulivyosema. Mawili ya pembeni ni makavu, mita 9 na mita 10. Mkanda umelala upande wa korongo. Halafu kitu kingine: jioni popo wanatoka kwenye duara la kaskazini, wengi tu.

Fundi Zege

Nianze na magogo, kwa sababu ndiyo njia inayotumika vijijini karibu kote. Gogo linakwama katikati na kuwa daraja, takataka zinakaa juu yake, udongo unamwagwa, watu wanakanyaga na kusema limejaa. Chini ya daraja pako wazi. Baada ya miaka kadhaa mchwa na unyevu vinamaliza mbao, na masika moja yenye mvua nyingi kizibo chote kinashuka na aliye juu yake. Bati lililofunikwa udongo ni hivyo hivyo. Kuacha duara wazi na kulizungushia uzio ni afadhali kuliko kuliziba hivyo, angalau linaonekana.

Kufukia kwa usahihi: duara la mita 1.5 × 1.2 × 19 lina mita za ujazo 34. Ongeza asilimia 15 ya kushuka, unapata 39, yaani tipa 8 za mita za ujazo 5. Hayo makavu ya mita 9 na 10 kila moja ni tipa 4 hivi, la mita 10 likizidi kidogo. Anza na mawe magumu ya sentimita 20 hadi 40, maana kazi yake ni kuziba midomo ya njia za chini na kujishika. Yajaze hadi yapite usawa wa maji kwa mita 2. Kisha mawe ya ngumi, kisha changarawe, na mita 1.5 ya mwisho udongo wa mfinyanzi unaoshindiliwa kila sentimita 20. Ukianza na udongo mlaini, maji yanauchukua na kuuingiza kwenye handaki. Miaka miwili baadaye utakuta bonde.

Tipa isirudi nyuma hadi ukingoni. Imwage mita 5 nyuma, mawe yasogezwe kwa toroli juu ya mbao, na mtu wa mwisho awe na mkanda wa usalama na kamba. Hesabuni tipa. Kama duara la katikati limeshakula tipa 8 na bado halijai, mawe yanaingia kwenye njia; rudini kwenye mawe makubwa, hata ya sentimita 50, mpaka mdomo ushike. Kifusi cha pale pale mgodini kinafaa kwa kazi hii na kitawapunguzia gharama. Ule mchanga laini wa rundo *haufai*, unatiririka kama uji.

Juu yake muinue kilima cha sentimita 50 na mchimbe mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa mteremko. Kila baada ya masika mwongeze udongo.

Hiyo inatosha kwa mashimo ya pembeni yakiwa mbali na watu. La katikati, kwa kuwa wagonjwa na watoto watakuwa karibu, mimi ningeweka na bamba la zege. Ondoeni udongo legelege mpaka mfike mwamba mzima, bamba likae juu ya mwamba huo. Ukubwa uwe mara mbili ya shimo kila upande: mita 3 × 2.4, unene sentimita 30. Hiyo ni mita za ujazo 2.2, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) mtatumia mifuko 14 ya simenti, nunueni 16. Nondo za milimita 12 kila sentimita 15 pande zote mbili, tabaka la chini na la juu, jumla nondo 20 za mita 12. Achieni bomba la inchi 4 lenye kizibo katikati ya bamba, ili kila mwaka mshushe kamba kuona kama kifusi kimeshuka. Wakati wa kulifungua pasiwe na sigara wala kibatari.

Bamba si kibali cha kujenga juu yake. Hata kibanda cha mlinzi kisikae hapo. Zungushieni minyaa au katani, mita 5 kutoka ukingoni.

Dada wa Afya

Hao popo wasipuuzwe. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg, homa kali inayoua, na virusi vilikutwa kwa popo wa matunda waliokuwa wakiishi humo. Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, mlipuko wa 1998 hadi 2000 ulizunguka mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi, na ukaisha mgodi ulipojaa maji. Si kila popo ni huyo, wengi ni wadogo wala wadudu. Lakini hakuna sababu ya kubahatisha.

Msiwachome moto wala kuwamwagia sumu. Kitaka waliwaua, popo wapya wakarudi, na walipopimwa baadaye kiwango cha maambukizi kilikuwa juu kuliko cha mwanzo. Pia msiwafukie wakiwa ndani. Mwiteni afisa wanyamapori wa wilaya atazame ni aina gani na kama wana watoto, maana watoto wasioruka watabaki ndani. Akiridhika, tundikeni wavu mdomoni ulioachwa wazi sehemu ya chini: jioni wanatoka, kurudi wanashindwa. Baada ya siku 5 hadi 7 bila popo, fukieni. Wafanyakazi wavae glavu, miwani na barakoa, na hicho kinyesi kisifanywe mbolea ya mchicha.

Rundo la mchanga nalo ni suala la afya. Huo msingi wenye boliti yaelekea ulibeba mashine ya kusaga mawe. Enzi hizo ungaunga wa mwamba ulipitishwa juu ya bamba za shaba zilizopakwa zebaki, na sehemu ya zebaki ilipotea kwenye mchanga. Huwezi kuiona wala kuinusa. Kupaka mchanga huo kwenye kuta za chumba cha kujifungulia halafu kufunga madirisha, jamani, hapana.

Fundi Zege

Naongezea hapo kwa upande wa ufundi. Hata bila zebaki, plasta ya mchanga wa marudio haidumu. Umesagwa mno, unataka maji mengi, na ukikauka unapasuka kama tope la bwawa. Jaribuni wenyewe: jazeni mchanga nusu ya chupa safi, ongezeni maji yenye chumvi kijiko kimoja, tikiseni, acheni masaa matatu. Mchanga mzito utatulia chini na vumbi laini litafanya tabaka juu yake. Tabaka hilo likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, haufai kwa plasta. Wa kwenu nadhani utafika 30.

Tatizo la pili ni pairaiti, zile punje zinazong'aa. Ikikutana na hewa na maji inatoa asidi na salfeti, salfeti inakula simenti, plasta inavimba, inatoa unga mweupe na kubanduka vipande. Nondo zinaota kutu kwa ndani. Halmashauri italaumu fundi, kumbe kosa ni mchanga.

BwanaMaji

Duara lisifanywe kisima. Maji yake yamekaa kwenye mwamba wenye salfaidi (madini ya salfa kama hiyo pairaiti) miaka sabini, yakipokea mbuzi waliotumbukia na mvua inayopita kwenye rundo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini arseniki, sumu itokayo kwenye mwamba wa namna hiyo, inabaki, tena inakolea kwa kuwa maji yamepungua. Klorini nayo haiiondoi.

Kisima kiwe upande wa juu wa mteremko kuliko rundo na maduara yote. Mimi nisingekubali chini ya mita 100 kutoka hapo, na angalau mita 30 kutoka vyoo. Mkanda wenu umelala kuelekea korongoni, kwa hiyo kisima kikae upande wa pili, na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wafanye upimaji wa kijiofizikia, yaani kupima ardhi kwa vifaa bila kuchimba, kabla ya kuchoronga. Mwambieni mpimaji mapema kuhusu mahandaki, maana pango lililojaa maji linaweza kuonekana kwenye kipimo kama mwamba mzuri wenye maji. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwenu ni Bonde la Ziwa Rukwa.

Kabla ya kufunga pampu, pimeni. Pampuni maji mpaka yawe meupe, endeleeni dakika 15, ndipo mchukue sampuli. Ya metali lita moja kwenye chupa mpya ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo. Ya zebaki ichukuliwe kwenye chupa ya kioo ya maabara, maana plastiki ya kawaida inavuruga majibu. Ya vijidudu kwenye chupa iliyochemshwa maabara, ndani ya boksi la barafu, ifike siku hiyo hiyo. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya. Msiombe "kipimo cha maji" tu, mtapewa rangi na chumvi. Andikeni: arseniki, zebaki, risasi, shaba, manganizi, salfeti, pH (kipimo cha uchachu wa maji). Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, arseniki isizidi miligramu 0.01 kwa lita, risasi vivyo hivyo 0.01, zebaki 0.006. Pimeni mara mbili: Oktoba au Novemba maji yakiwa chini kabisa, na tena Februari au Machi katikati ya mvua. Majibu ya msimu mmoja yanadanganya.

pH ikiwa chini ya 6.5, msikubali pampu yenye mabomba ya chuma cha mabati. Ndani ya mwaka mmoja maji yanakuwa mekundu, nguo zinachafuka, wanawake wanarudi korongoni na kisima kinaitwa kibovu wakati maji yenyewe hayana shida. Chukueni pampu ya mkono aina ya Afridev yenye mabomba ya plastiki. Inafaa kwa kina cha hadi mita 45.

Mchenjuaji Mstaafu

Kuhusu kuuza rundo. Kijiji hakina mamlaka ya kuliuza, ardhi ni ya kijiji lakini madini ni mali ya umma chini ya Sheria ya Madini. Nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapo Chunya mkaulize jambo moja kabla ya yote: je, kuna leseni juu ya hizo ekari 3? PML (leseni ya mchimbaji mdogo) hudumu miaka 7 na hupewa Mtanzania tu, na mara nyingi kijiji hakijui kama mtu wa mjini ameshakatiwa. Mkikuta ipo, zungumzeni sasa. Sheria inamzuia mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye jengo linalotumika bila ridhaa ya maandishi, na mita 100 kutoka kwenye bwawa. Zahanati ikishasimama ugomvi huo utakuwa wenu.

Mnunuzi wa marudio atawaambia anakuja na vati (tangi la kuchenjulia) na sayanaidi (kemikali ya sumu). Muulizeni swali hili: zebaki iliyomo ataitoa vipi kwanza? Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania imeuridhia, unataja kabisa kuchenjua kwa sayanaidi mchanga wenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vibaya vinavyotakiwa kukomeshwa. Sababu ni ya kikemia: sayanaidi inayeyusha dhahabu, lakini inayeyusha na zebaki, na zebaki iliyoyeyuka inakwenda na maji kirahisi kuliko iliyotulia. Halafu vati likikosa chokaa, alkali ikishuka kuelekea pH 9, gesi ya sumu inaanza kutoka. Eneo la wagonjwa si mahali pake.

Kama rundo litahamishwa kihalali, liende lote, kwenye eneo la mwenye leseni ya uchenjuaji, na mkataba useme nani anasawazisha chini yake. Likichotwa nusu, linabaki na shavu wima na masika ya kwanza litakuwa korongoni. Kama halihamishwi, chukueni sampuli sehemu tano, za juu na za kina cha mita moja, mpeleke GST au kwa Mkemia Mkuu, kisha lilazeni, mlifunike udongo wa sentimita 30, mpande nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko. Mbuzi wasichungwe hapo misimu miwili.

Mjumbe wa Kamati

Nimechapisha yote haya kwa ajili ya kikao. Swali moja la mwisho: tukihamishia jengo kona ya juu, upande ambao mwamba haulali, tutakuwa mita 60 kutoka kwenye mstari wa mashimo. Inatosha?

MokoNaNyundo

Kwa maduara ya mita 19 na mwamba unaolala upande wa pili, mita 60 zinatosha, mradi hakuna mkanda wa pili. Hiyo mikanda hupenda kwenda sambamba. Kabla ya msingi, chimbeni mtaro mmoja unaokatiza kona yote, wa kina cha mita 1.5, uende *kukata* mwelekeo wa mashimo na si kufuata. Mkikuta udongo mwekundu wa asili mfululizo, jengeni. Mkikuta ukanda wa udongo uliochanganyika na vipande vya kwatzi, mkaa au mbao zilizooza, hapo pameshachimbwa na kufukiwa, msogee tena.

Na hilo shimo la mviringo la korongoni, lifukieni kwa mawe siku moja tu ya msaragambo. Tope la karibu mita 3 linatosha kummeza mtoto.